Vita vya Gramu Mia Tatu

Enyi mlioketi na enyi mliokosa viti, zimeni redio, nyamazisheni watoto, mnipe masikio yenu yote mawili mawili! Maana leo nawasimulia habari nzito ya watu wepesi: namna uzito wa kilo arobaini na nane, mdogo kuliko wote katika mashindano ya taifa ya ngumi za ridhaa, ulivyoponea chupuchupu kufutwa duniani.

Imeandikwa katika Daftari la Chama, lile la jalada jekundu linalofungiwa kabatini pamoja na glavu zilizopotezana na pacha zao, kwamba uzito huo ulianza kwa fahari. Mwaka wa kwanza ulitawaliwa na Mpaka Rangi, aliyewalaza watu watatu kabla ya chakula cha mchana. Ikafuata enzi ya miaka minne ya Kinyozi wa Stesheni, mwenye mkono wa kushoto usiojulikana utokako, ambaye hakuangushwa na konde bali na ndoa: alioa mwezi wa tatu, na kufika wa saba alikuwa na kilo hamsini na tano. Baada yake likaingia giza. Mabondia wakanenepa, mwaka mmoja ukapita bila bingwa, ukapita wa pili. Na sheria ya Chama haikuwa na huruma: uzito ukikosa bingwa miaka mitatu mfululizo, unafutwa.

Ndipo, katika mwaka huo wa tatu, akainuka Fundi Saa, mwenye vidole vya subira na mbavu za kuhesabika. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na sheria humtaka bondia atundike glavu atimizapo arobaini. Mara kumi na moja alikuwa amepanda ulingoni, na mara kumi na moja akashuka amepigwa. Kila aliporudi nyumbani jicho limefumba, mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alimletea kitambaa cha maji ya moto na kuondoka bila neno. Kimya hicho kilimuuma kuliko jicho. Alitaka mama huyo amwone ameshinda, mara moja tu, kabla ya kustaafu.

Asubuhi ya siku ya kupimwa, Fundi Saa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana adhuhuri. Alipofika mlangoni akamkuta mama mkwe amesimama na bakuli la uji.

"Kunywa, mwanangu. Utapiganaje na njaa?"

Enyi wasikilizaji, majemadari wamevunja ngome, lakini nani aliwahi kumkatalia mkwewe bakuli? Fundi Saa alilipokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru, akakomba na kijiko.

Ukumbini wapinzani walikuwa wawili. Mwoka Mikate alikutwa na kilo hamsini na moja, akarudishwa. Dereva wa Lori alipima hamsini na mbili na kulaumu soksi. Akabaki Fundi Saa peke yake, bingwa bila pambano iwapo tu mizani ingemkubali. Akapanda mizani, nayo ikasoma arobaini na nane na gramu mia tatu.

Katibu wa Chama akasimama, akakohoa kwa heshima ya tukio. "Ewe Fundi Saa, tumaini la wembamba wote! Mizani imenena, nami si ndugu yake wala adui yake. Una saa moja. Ikitimia saa nne na gramu moja imezidi, nitashika rula na kalamu nyekundu, niupige mstari uzito huu, na wajukuu zetu hawatajua kwamba ulikuwepo!"

"Sawa, Katibu," akasema Fundi Saa, akavaa sweta mbili na koti la mvua.

Akazipanda ngazi za ukumbi na kuzishuka kama aliyefukuzwa na kuitwa kwa wakati mmoja. Akaruka kamba. Jasho likamtoka, nao uzito ukarudi nyuma gramu kwa gramu. Kwenye viti vya mbele walikaa mkewe na mama mkwe.

"Mbona anakimbia peke yake?" mama akauliza.

"Kazidi gramu mia tatu, mama."

"Mia tatu ndo kiasi gani?"

Mkewe akatazama dari. "Kama bakuli la uji."

Mama mkwe akajifunga kitambaa upya, akainuka, akamfuata mkwewe mpaka kwenye mizani. Zilibaki dakika tano. Fundi Saa alivua vyote isipokuwa chupi, na mama, kwa adabu, akageukia ukuta.

"Gramu ishirini!" akatangaza Katibu, kalamu nyekundu mkononi.

Mama mkwe akanyoosha kiganja nyuma ya mgongo wake. "Lete meno."

"Meno gani, mama?"

"Mwanangu, miaka minane naiosha ile glasi ya dirishani. Hebu lete!"

Kwa aibu iliyomchoma mpaka visigino, Fundi Saa akayatoa meno yake matatu ya bandia na bamba lake, akayaweka kiganjani. Akapanda. Tarakimu zikayumba, zikasita, zikatulia: arobaini na nane kamili.

Wakampandisha ulingoni, mwamuzi akauinua mkono wake mbele ya watazamaji kumi na wanne. Katibu akafungua Daftari. Kalamu ikakwama.

"Hapa panataka jina la aliyeshindwa," akasema. "Niandike nani?"

Fundi Saa akainamisha kichwa. Hakuwa amempiga mtu.

"Andika mizani," akasema mama mkwe.

"Kwa nokauti, au kwa pointi?"

"Kwa pointi. Tena kwa chupuchupu."

Ikaandikwa hivyo, kwa wino wa bluu, na uzito wa kilo arobaini na nane ukaishi. Ukumbi ukapiga makofi, na Fundi Saa akalia waziwazi, mdomo wazi, pengo nje. Mama mkwe akapanda ulingoni, akayafuta yale meno kwa kitambaa chake, akampa.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Bingwa wangu hapigwi picha na pengo."