Kofia ya Bwana Edson

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Oldeani na vitongoji vyake kwamba kuanzia Jumatatu, kumiliki bunduki na kukaa na bunduki ni mambo mawili tofauti, na atakayeyachanganya atachukuliwa hatua kali.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Edson Qamara, mkuu wa Kitengo cha Kutofautisha Umiliki na Ukaaji, na alipolisikia likitoka kwenye spika juu ya gari la ofisi, roho yake ilisuuzika. Wananchi walikuwa wameishi gizani muda mrefu mno.

Kwenye mkutano wa kuwaelimisha wananchi, Mama Domitila alifika na bunduki ya marehemu mumewe, Damiano, aliyekuwa akiitumia kufukuzia nyani kwenye mahindi. Bwana Edson alivua kofia yake ya kiserikali akamvisha mama huyo, ili elimu imwingie kichwani moja kwa moja.

"Kofia ni yangu, wewe unakaa nayo tu. Tofauti umeiona?"

"Nimeiona, baba. Mvua ikinyesha utalowa wewe."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Edson akaliandika kuwa jibu sahihi, maana lilikuwa sahihi, akachukua kofia yake na kutoa uamuzi. Mahakama ilikwisha kumrithisha mama bunduki, kwa hiyo ni mali yake. Ila leseni ilikufa na Damiano, kwa hiyo hawezi kukaa nayo. Kitengo kitakaa nayo kwa niaba yake mpaka leseni mpya itoke.

Nyani hawakuhudhuria mkutano, lakini taarifa ziliwafikia. Kesho yake asubuhi walishuka kutoka msituni ukoo mzima. Mama Domitila aliona chakula chake cha mwaka kikiliwa mbele ya macho yake. Akapiga simu Kitengo, akaeleza kwa upole kwamba mmiliki anaihitaji bunduki yake shambani, na kwa kuwa yeye haruhusiwi kukaa nayo, basi anayekaa nayo aje akae nayo huku.

Bwana Edson alipekua mwongozo wake akitafuta pa kutokea. Hapakuwapo. Aliuandika vizuri mno.

Basi akakaa kwenye kigoda katikati ya mahindi, tai shingoni, bunduki mapajani. Kuipiga hakuruhusiwa, maana hilo ni jukumu la Kitengo cha Matumizi, ambacho bado hakijaundwa. Jua lilipochoma akaitundika kofia kwenye kijiti. Nyani waliiogopa kofia. Yeye walimzunguka tu wakaendelea kula.

Wakati huo Afande Selestina, mkaguzi wa polisi, alikuwa akipita kwenye doria ya kusaka silaha, doria iliyoombwa na Bwana Edson mwenyewe. Akasimamisha gari, akauliza leseni iko wapi.

"Afande, mimi siimiliki. Nakaa nayo tu."

Afande akatoa mfukoni kipeperushi cha Kitengo, akasoma taratibu: "Kutomiliki si utetezi. Anayekutwa nayo ndiye mwenye kosa."

Bwana Edson aliitambua sentensi yake, na kwa kitambo kidogo akaona fahari, jinsi ilivyonyooka. Kisha akapandishwa nyuma ya gari la wazi. Bunduki ikapanda mbele.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Ngorongoro. Matone ya kwanza yalipompiga utosini, akaomba apewe kofia yake. Mama Domitila alikuwa ameshaifunga kwenye mti mrefu katikati ya shamba, na nyani wa mwisho alikuwa anaishia msituni.

"Ni yako, baba, wala sibishi," alisema. "Mimi nakaa nayo tu."