Pampu Zangu Zimegombana Mbele ya Maprofesa

Jamani, leo sina pa kuficha uso.

Mnajua mie nasomea uzamili wa uhandisi. Leo ndiyo nilikuwa natetea utafiti wangu mbele ya maprofesa. Mada yenyewe: mashine zinazojiwasha na kujizima, ukiziunganisha zitatulia au zitavurugana?

Mfano wangu ni matangi mawili madogo, kila moja na pampu yake. Maji yakishuka chini ya alama, pampu inajiwasha. Yakifika, inajizima. Katikati kuna mpira unaounganisha matangi. Nimethibitisha kwa hesabu kwamba yatatulia, ila kwa sharti moja: mpira uwe mwembamba, tangi moja lisilisumbue jingine.

Asubuhi natoka nyumbani Segerea, naangalia mpira, umepasuka. Mbio hadi duka la vifaa vya bomba.

"Mwembamba umeisha, sista. Chukua huu mnene, maji yanapita fasta."

Nikachukua. (Msiniulize. Sharti niliandika mwenyewe.)

Mama naye kaja, kavaa kitenge kipya, kakaa mstari wa mbele. Mambo ya pampu hayajui. Anajua tu leo mwanawe anamaliza shule.

Nikaeleza vizuri. Nikajisikia. "Waheshimiwa, sasa mtaona mfumo ukitulia wenyewe."

Nikawasha.

Pampu ya kushoto ikawaka, maji yote yakakimbilia kulia. Ya kulia ikazima. Mara maji yakarudi kushoto kwa kishindo, ya kushoto ikazima, ya kulia ikawaka. Ta! Ta! Ta-ta-ta-ta! Meza ikaanza kutetemeka. Nikatabasamu. (Ningefanyaje?)

"Huku ndiko kutulia?" akauliza mtahini, profesa mzee aliyetoka chuo kingine.

"Bado kidogo, Profesa."

Mpira ukachomoka. Maji yakampata yeye. Shati, tai, miwani.

Halafu mama, akidhani hapo ndipo penyewe, akasimama na vigelegele. "Hongera mwananguuu!" Akapiga makofi peke yake, huku mie nahangaika kuchomoa waya ukutani.

Profesa akafuta miwani. Akafungua utafiti wangu, akasoma lile sharti la mpira mwembamba kwa sauti, taratibu. Akautazama mpira. Akanitazama mie.

"Hesabu zako ziko sawa, binti. Tatizo ni wewe."

"Ndiyo, Profesa. Shikamoo."

(Sijui shikamoo ilitokea wapi. Tulishaamkiana mlangoni!)

Akaitikia marahaba, maji yanamchuruzika.

Wamenipitisha. Ila nirudie jaribio kwa mpira unaotakiwa, na wao watakaa nyuma kabisa.

Sasa hivi mama yuko sebuleni anawapigia ndugu wote: "Kawamwagia maji maprofesa, na bado wamempa!"

Ukipigiwa, we sema hongera, ukate simu. Kicheko chako kamalizie huko huko kwako.