Birika la Babu Lenye Vichwa vya Mafarao

Jumatatu, 9 Aprili 1923
Hatimaye! Shangazi Philena, mwenye miaka themanini na moja, ameamua. Vyombo vya fedha vya Babu, vipande kumi na viwili, vitakwenda kwa mmoja wetu: mimi au binamu yangu Hobart. Babu alivifua kwa mikono yake hapa hapa Taunton, vyote kwa mtindo wa Kimisri. Tangu lile kaburi la Farao lifunguliwe, mji mzima una wazimu wa Misri, na kila mwenye meza anavitamani. Shangazi ametupa kipande kimoja kimoja tukitunze kwa wiki, aone nani anafaa. Jumapili atatoa uamuzi. Hobart kapata kikopo cha maziwa. Mimi birika la kahawa! Lina vichwa vinne vya Mafarao na miguu ya simba. Hapa sina mpinzani.

Jumatano, 11 Aprili
Nimelikagua birika. Aibu tupu! Nywele za Mafarao zimejaa weusi, hata kwenye mikunjo ya midomo. Miaka hamsini, na hakuna aliyewaosha. Nimenunua dawa kali ya kung'arishia na mswaki mgumu. Farao wa kwanza kanitoa jasho saa mbili nzima. Sasa anang'aa mpaka pua imeanza kupotea.

Alhamisi, 12 Aprili
Nimepita nyuma ya nyumba ya Hobart, kwa bahati tu, nikachungulia dirishani. Anapangusa kikopo kwa kitambaa laini. Basi! Weusi wote kauacha palepale. Nimecheka hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka. Hobart ni mvivu tangu utotoni.

Jumamosi, 14 Aprili
Mafarao wote wanne weupe pe. Nimekula maharage yangu ya Jumamosi birika likiwa mbele yangu. Kisha nikafanya mazoezi mbele ya kioo, jinsi ya kupokea urithi kwa unyenyekevu. Unyenyekevu unanipa shida kidogo.

Jumapili, 15 Aprili
Chakula cha mchana kwa Shangazi. Nikafunua birika. Shangazi akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila kichwa. Hobart akasema anaona nimewaogesha Mafarao, akauliza kama sabuni haikuwaingia machoni. Wivu huo!

“Orrin, mwanangu,” Shangazi akasema, “weusi ule baba yangu aliutia mwenyewe. Alikaa mwezi mzima akiutia, mimi nikimshikia taa. Ndio uliowapa sura.”

Machozi yakamtoka. Nikadhani ni ya furaha, nikampa leso. Akasema vipande kumi na kimoja ni vya Hobart, aliyejua pa kugusa na pa kuacha. Birika nibaki nalo mimi, maana yeye, Shangazi, hawezi tena kulitazama. Nimeumia, nakiri.

Jumatatu, 16 Aprili
Nimetafakari kwa utulivu, na maumivu yamekwisha. Hobart anajiona mshindi, lakini hajui kufikiri. Nilisugua kipande kimoja, nikapewa kipande kimoja. Utaratibu wa Shangazi uko wazi: ninachokisugua hawezi kukitazama, na asichoweza kukitazama ni changu. Vimebaki kumi na kimoja. Jumapili ijayo Hobart atakuwa kanisani asubuhi nzima, na ufunguo wa mlango wa nyuma huuacha chini ya chungu cha maua. Nimeshanunua makopo matatu ya dawa.