Mwalimu Thoya na Mihogo Yake

Jumatatu, 3 Juni 2024. Barani.

Amekuja tena. Mwalimu Thoya, anayesomesha shule moja na mke wangu Rufaida huko Muyeye. Kaleta kikapu cha mihogo kutoka kwao Vitengeni. Rufaida kacheka mlangoni mpaka kashika ubavu. Mimi hanichekei hivyo tangu Ramadhani. Nikamwambia mke wa mtu hana rafiki mwanamume, basi. Akaweka kikapu chini.

"Mimba ilipoharibika, Thoya na mkewe ndio walionipeleka hospitali. Wewe ulikuwa Mombasa kutazama mpira, simu umeizima."

Mambo ya mwaka juzi! Na simu sikuizima. Iliisha chaji.

Jumatano, 5 Juni.

Hila imepatikana. Kadzo, mke wa Thoya, hukaa Vitengeni na shamba lao; mumewe hurudi Jumamosi tu. Nitamtia wivu, amkomeshe mumewe mwenyewe. Nikafunika cherehani, nikaaga kwamba naenda Kilifi kununua vifungo.

Nikashika njia ya Vitengeni, nikamkuta Kadzo akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote, kwa chumvi kidogo. Hakushtuka. Akasema mihogo huichimba yeye, na Rufaida huzungumza naye kwa simu kila wiki. Niliudhika mno. Akanipakulia wali na kunde, akaniuliza hali yangu. Nikajikuta namsimulia habari za marehemu baba. Nyumbani hakuna aliyeniuliza. Rufaida anadai aliuliza, nikamfokea.

Nimerudi magharibi. Bila vifungo.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimekwenda tena asubuhi, kumkazania Kadzo. Wivu hana hata chembe. Tukazungumza mpaka adhuhuri ikapita. Mara Thoya huyo, na begi lake. Kanikuta mkekani pake, nala chakula chake. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akanisalimu, akanawa, akaketi tukala pamoja. Mwanamume gani huyu asiye na uchungu wa mkewe? Dharau tupu. Nilifura njia nzima.

Jumapili, 9 Juni.

Thoya kamtajia Rufaida ziara zangu, akidhani anazijua. Rufaida hakupiga kelele. Akaniuliza Kadzo ni nani kwangu. Nikasema ni rafiki, tunazungumza tu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaenda kukunja nguo zake. Mlangoni akageuka.

"Naenda kwa mama, Mambrui. Siku utakayoweza kunieleza tofauti yako na yangu, njoo unichukue."

Sauti ilimtetemeka. Yangu pia, lakini yangu kwa hasira.

Jumanne, 11 Juni.

Nimempigia mara tatu kumweleza tofauti. Tofauti ni wazi: mimi naijua nia yangu. Mara zote tatu kanikatia. Nasikia jana Thoya alipita Mambrui kumsihi arudi kwangu. Nani kamtuma kuingilia ndoa za watu?

Nyumba imenyamaza. Chai nimeipika, haikunyweka. Kesho naenda Vitengeni kuomba ushauri kwa Kadzo. Mtu ana haki ya rafiki wa kumsikiliza. Nimeshauliza: mumewe hayupo mpaka Jumamosi.