Bafu la Mama Mkwe, Bila Kibali

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Kwako Yunisi, mke wangu.

Padri anasema mtu aliyefiwa akiandika hulala vizuri. Bado sijalala vizuri, lakini daftari nimeshanunua.

Habari kubwa. Mama yako anakuja. Amepata tarehe ya kupasuliwa mtoto wa jicho hapa mjini, na atakaa mpaka jicho lipone. Anatoka Kasulu Jumamosi ya wiki ijayo. Ukoo mzima unajiuliza atafikia wapi.

Kwangu, bila shaka. Hii ndiyo nyumba yako. Halafu, sina mtu mwingine wa kuzungumza naye habari zako. Watu nikikutaja wananitazama kwa huruma, kisha wanahamia kwenye mvua. Mama hahami.

Tatizo ni bafu. Liko moja. Mimi na mama mkwe katika bafu moja! Unajua mwenyewe. Tangu nikuoe sijala naye meza moja, na akipita uani mimi nageukia migomba. Sasa aingie bafuni akute ndala zangu zimelowa? Afadhali nikalale stesheni. Ulipokuwepo ulitupanga kama treni: huyu asubiri, huyu apite. Mimi niliyefanya kazi reli maisha yangu yote siwezi kupanga watu wawili na bafu moja.

Na Martini ameshatuma picha kwenye kundi la familia. Martini yule yule, mwanyumba wangu, mume wa mdogo wako Leonia. Nyumba yake ya Kasingirima ina mabafu mawili. Ametuma yote mawili. Katika moja yumo na yeye, ameegemea sinki. Ameandika kwamba mama atakuwa na bafu lake, mlango wake na ufunguo wake. Mimi hakunitaja. Ndivyo anavyonitaja.

Nimeamua. Najenga bafu la pili.

Jumanne, 5 Septemba

Nimemwita fundi Sefu kutoka Ujiji. Nimemwonyesha mpango: tunavunja ukuta wa chumba cha wageni, tunaweka mlango, tunaongeza kachumba kwa nje, tunachimba shimo. Jambo dogo.

Sefu akauliza kibali cha ujenzi kiko wapi. Nikamwambia hili ni bafu, si hoteli. Mtu anaoga kwake, ruhusa ya nini? Akasema kuoga hakuna kibali. Kuvunja ukuta, kuongeza chumba na kuchimba shimo la maji machafu ndiko kwenye kibali. Mwaka jana alijenga genge bila kibali, likapigwa X nyekundu, na mwenyewe akalibomoa huku akimlaumu Sefu kwa kila tofali.

Nikauliza kibali kinachukua muda gani. Akataja mchoro, maombi, ukaguzi, kamati. Aliposema kamati nilijua mama atakuwa ameshapona jicho na kurudi Kasulu. Hatuna nafasi ya kuwa raia wema, nikamwambia.

Sefu akakubali kwa sharti moja. Likitokea la kutokea, yeye hanijui.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimepata akili! Nimeipata nikiwa nanyoa ndevu, ndiyo maana upande mmoja umebaki.

Watu wakiona mchanga, saruji na turubai uani, watajua ni ujenzi. Lakini wakiona turubai na magunia ya dagaa, watajua ni dagaa. Kigoma hii nani atashangaa mtu kuanika dagaa? Nimekwenda soko la dagaa la Kibirizi asubuhi. Giza la mwezi limeanza, dagaa ni wengi. Nimenunua magunia na kuyapanga juu ya mifuko ya saruji kwenye mkokoteni. Nimepita mbele ya ofisi ya mtaa nikipiga mluzi. Hakuna aliyegeuka, ila paka.

Sefu amekwenda msikitini mchana, akarudi, akaanza kuchimba. Mimi nimekaa mbele ya turubai na kigoda chako, nikiwapepea dagaa. Najiona mjanja sana. Ungekuwepo ungeniuliza nimekula nini.

Jumamosi, 9 Septemba

Shida ndogo. Watu wanataka dagaa.

Wa kwanza ni Mwamini, jirani yetu. Aliniuliza tangu lini. Nikasema mstaafu lazima ajishughulishe. Akataka kopo moja. Sikuwa na kopo. Nikampimia kwa kile kikombe cha bati ulichokuwa unaogeshea watoto wa dada yako, nikajaza mpaka wakamwagika, maana sikujua mfanyabiashara hujaza kiasi gani. Akaondoka haraka kama mtu aliyeokota kitu.

Baada ya muda wakaja wanawake wa mtaa mzima na mabeseni. Mwamini amewaambia mzee Anatoli amechanganyikiwa kwa upweke, anagawa dagaa, wawahi kabla hajapona.

Nikauza. Ningefanyaje? Nyuma yangu Sefu anagonga ukuta kwa nyundo, mimi nakohoa kila anapogonga. Mwanamke mmoja akanishauri nitumie tangawizi. Mwamini akarudi jioni na beseni lake, akashika kiuno.

“Mzee Anatoli, hawa dagaa wako wamevuliwa ziwani au machimboni? Nimetafuna kokoto mpaka jino limelia.”

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwongezea kikombe ili anyamaze. Hakunyamaza.

Jumatatu, 11 Septemba

Ukuta umetobolewa. Chumba cha wageni sasa kinaangalia migomba. Shimo limeingia chini vizuri. Tofali zimefika magotini. Sakafu tumeimwaga, paka wakaipita usiku, imejaa nyayo. Sefu anasema zitasaidia mama asiteleze.

Leonia amepiga simu. Kwa upole sana, unajua sauti yake akiwa ametumwa. Akasema mama atachoka na mimi na Martini kumgombania, lakini kwao angalau bafu lipo. Nikamwambia na kwangu lipo. Nikasikia Martini nyuma yake akiuliza, lipo wapi.

Nimeweka sabuni kwenye soksi na kuining'iniza kwenye msumari wa bafu jipya, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Hakuna bomba bado, hakuna paa, lakini sabuni ipo. Nilisimama pale kidogo. Sefu akadhani nakagua kazi yake, akaanza kujitetea.

Jumatano, 13 Septemba

Nimekwisha.

Bwana Alphonce, mtendaji wetu wa mtaa, alikuja kununua dagaa. Nilimpa kikombe cha kujaa sana. Kumbe wema ndio umeniponza, akataka kuchagua mwenyewe gunia la nyuma. Nikasema la nyuma wamechina, wameshaharibika. Akasema anapenda waliochina kwa ajili ya kuku. Akainua turubai, akapiga hatua moja, mguu ukaingia shimoni mpaka kwenye paja.

Tulimtoa, mimi na Sefu. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lilinitisha. Alijipangusa, akatazama shimo, akatazama tofali, akatazama tundu la ukuta, kisha akaniuliza kama nina leseni ya biashara ya dagaa.

Leseni ya dagaa! Nimekimbia kibali kimoja nikaangukia viwili.

Alasiri akarudi na mkaguzi wa majengo kutoka manispaa. Binti mdogo, anaitwa Happiness. Akanipa shikamoo kwa kupiga goti, akauliza hali yangu, akanipa pole ya msiba. Sijawahi kubanwa na mtu mwenye adabu kiasi kile. Akamgeukia Sefu akamuuliza yeye ni nani. Sefu akasema yeye ni mteja wa dagaa. Ana mwiko wa fundi mkononi na saruji mpaka kwenye nyusi.

Nikamwambia binti kwamba haya ni matengenezo tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mzee wangu, ukibadilisha vigae, bomba, sinki, hata ukipaka bafu la zamani rangi ya dhahabu, hatukuulizi. Ila hapa umetoboa ukuta, umeongeza chumba, na shimo umelichimba hatua chache kutoka kisima cha jirani. Yule mama anakunywa maji haya.”

Mwamini alikuwa amesimama ng'ambo ya michongoma. Safari hii hakucheka. Mimi sikuwahi kukifikiria kisima chake hata mara moja. Nilifikiria turubai, nilifikiria kukohoa, kisima hapana.

Binti akaniomba radhi, akatoa kopo la rangi, akapiga X. Nyekundu. Ukutani, karibu na dirisha ulilokuwa unapenda kushonea. Kazi isimame, shimo lifukiwe, nikitaka bafu nikaombe kibali, wao watanionyesha mahali salama pa kuchimba. Akaaga kwa shikamoo nyingine.

Ijumaa, 15 Septemba

Mama anafika kesho. Nimeipaka X rangi nyeupe iliyobaki ya sebuleni. X imegeuka ya waridi na imekuwa kubwa zaidi. Nikapaka tena. Sasa inaonekana toka barabarani.

Martini alipita, eti kunisalimu. Akapiga picha. Nusu saa haikupita, picha iko kwenye kundi la familia, na chini yake ameandika: tumwombee mwanyumba wetu. Watu wakaweka mikono ya sala, mmoja baada ya mwingine, mpaka shangazi yako wa Kibondo ambaye hajui hata kusoma. Mwisho Leonia akaandika kwamba imeamuliwa mama afikie Kasingirima. Nani ameamua hakuandika.

Nimetafuta cha kufunikia X. Nimefungua sanduku lako. Samahani. Nimetoa kanga yako ya zambarau, ile uliyojifunga siku ya ubatizo wa Lulu, mtoto wa dada yako, nikaipigilia misumari minne juu ya X. Bado ina harufu ya karafuu. Sikujua. Nilikaa chini pale ukutani mpaka mtu akaja kuuliza dagaa.

Jumamosi, 16 Septemba

Stendi. Martini na gari la kuazima, limeoshwa. Mimi na bajaji, dereva anatafuna muwa. Mama akashuka na kikapu na kuku. Martini akakipokea kikapu kabla hakijagusa chini.

Nilisimama mbali kama inavyopasa, nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshakubali kushindwa. Mama akauliza Anatoli yuko wapi, maana haoni vizuri. Nikaitika. Akasema kwa Kiha kwamba kwanza apelekwe akasalimie nyumba ya mwanawe, mengine baadaye. Martini akasema ni sawa, dakika tano.

Akafika uani. Akashika ukuta kwa mkono, akaufuata polepole, mkono ukakuta kanga. Akaipapasa. Akaileta usoni, msumari ukang'oka, kanga yote ikamwangukia mikononi. X ikabaki wazi, ya waridi, mbele ya watu wote.

Martini akakohoa kama mtu aliyeshinda kesi. Akaanza kueleza: hapa pana amri ya manispaa, shimo liko wazi, ukuta umetobolewa, bafu ni moja, na mama ni mgonjwa, na kwake mama ana ufunguo wake. Nikatamani lile shimo liwe na kina zaidi.

Mama hakumsikiliza. Alikuwa amefunga kanga kiunoni.

“Martini, baba, asante. Mimi nimekuja kukaa na mtu anayemlilia mwanangu. Sikuja kuoga.”

Kisha akaniuliza, akiwa ameangalia migomba, mimi na yeye tulishindwaje kuzungumza. Akitaka kuoga, mimi nitatoka niende barazani kwa Bwana Alphonce. Nikitaka kuoga mimi, yeye atakwenda kwa Mwamini kusuka ukili. Ndala kila mtu aondoke nazo. Kwa Martini, akasema, vigae vinateleza, Pasaka alioga amekaa chini kama mtoto.

Kwa hiyo hakuna tofali hata moja lililohitajika. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilinunua dagaa.

Martini aliondoka na gari limeoshwa. Leonia alibaki kupika. Jioni mama alinisimulia ulivyokuwa mdogo, ulivyoogopa bata. Miaka yote hukuniambia habari za bata! Nilicheka, kisha sikucheka.

Jumatano, 27 Septemba

Jicho limepasuliwa, linaendelea vizuri. Shimo nimelifukia mwenyewe, Mwamini amesimama pale kuhakikisha, akinielekeza kama msimamizi. Nimemwomba radhi ya kisima. Akasema atanisamehe dagaa wakiisha kokoto. Nimekwenda manispaa, nimechukua maelekezo ya kibali, nimeahidi mbele ya yule binti kwamba sitagusa ukuta tena bila kuuliza. Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Ila leo daktari amesema mama asikae kwenye moshi. Na jiko letu unalijua, moshi unaingia ndani na kukaa kama mgeni. Nimelizunguka asubuhi nzima. Pale kwenye kona ukitoa ukuta mmoja, mfupi tu, ukasogeza paa kidogo, moshi unatoka wote. Hilo si bafu. Binti alizungumzia bafu.

Nimempigia Sefu. Ameuliza swali lake lile la kibali. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nimefikiri: mtu akiuliza, tunajenga banda la kuku. Nimeshanunua kuku kumi na jogoo. Mama nimempa chumba chetu, mimi nalala sebuleni, kwa hiyo wako chumba cha wageni kwa sasa, wanatokea kwenye tundu na kurudi wenyewe. Mama anawapenda. Mwamini ameshauliza mayai bei gani.

Jogoo anawika, naishia hapa. Yunisi, popote ulipo, nikumbuke.