Ruta Yangu na Salteña Zangu

Jumatatu, 24 Februari
Balaa! Swichi mpya ya mtandao imefika. Hapa kiwandani Oruro, Mauzo na Ghala wana mitandao miwili iliyotenganishwa: nyaya ni zilezile, lakini hawaonani. Miaka yote data zao huvushwa na ruta yangu kuukuu iliyo chini ya meza yangu. Ikikwama (nikiikwamisha), wananijia na salteña za moto, zile sambusa za kuoka, mchuzi unachuruzika. Sasa injinia Nieves anasema swichi hii ina akili ya kuvusha data yenyewe. Na mimi nitakula nini?

Jumanne, 25 Februari
Nimemwendea meneja, doña Zenobia. Nikamwambia kuwasha mashine mpya kabla ya ch'alla, tambiko letu la Ijumaa, Pachamama, Mama Ardhi, hajanyweshwa bia yake, ni kujitafutia mkosi. Amekubali! Nieves akauliza kama Pachamama naye amesomea mitandao. Wivu tu.

Ijumaa, 28 Februari
Tumemwaga bia sakafuni, tumezivisha mashine utepe wa rangi. Nieves kaifunika swichi yake kwa nailoni, kisha akainyunyizia matone mawili. Bahili! Mimi ruta yangu nimeimiminia chupa nzima, ijue nani anaipenda.

Ikatoa moshi. Watu wakapiga makofi, wakidhani nimechoma ubani. Ikazimika.

Nieves akawasha yake. Mauzo wakaiona Ghala papo hapo. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Imeniuma sana.

Jumatano, 5 Machi
Sikukuu ya Carnaval imekwisha. Doña Zenobia kaniambia nifagie makaratasi ya sherehe kwenye chumba cha mashine. Nieves kanionea huruma, kanipa nenosiri la swichi, niwe msaidizi wake. Msaidizi! Nimerudi mezani, nikafunga njia kati ya Mauzo na Ghala, nikakaa kusubiri salteña.

Simu zikaanza kulia. Nikajifanya nimeshtuka. Nikaahidi kujaribu. Haifunguki! Kumbe swichi huongozwa kupitia upande wa Ghala, na kompyuta yangu iko Mauzo. Nimejifungia nje mwenyewe!

Ikabidi nimpelekee Nieves salteña mbili, nilizonunua mwenyewe. Kazila polepole, mpaka ya mwisho, ndipo akafungua njia. Akasema, "Don Casimiro, ukijifungia tena kesho, niletee ya kuku."

Kesho? Kwa hiyo nenosiri hajaninyang'anya! Nitaanza na Uhasibu. Wale hununua salteña kwa dazeni.