Kengele ya Kulala

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa vituo vya kulelea watoto anakuja wiki hii! Siku hasemi. Wanapenda kufumania, hao. Tukikosa kibali, tunafunga. Jirani wa ng'ambo, Mama Cheti, alishapata chake, kakitundika mlangoni usawa wa pua za watu. Anajigamba kwamba mkaguzi alivutiwa na watoto wake wanavyolala kimya mchana. Wetu hawalali. Mke wangu, ambaye ndiye mlezi (mimi ni mkurugenzi), anataka tufunike ndoo za maji na tutengeneze komeo la geti. Vitu vidogo! Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nikipiga kengele, wote chini, macho kufumba. Anayetulia anapata biskuti. Mwanzoni walinicheka. Nikawaonyesha kopo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame; hawa walilala kabisa!

Jumatano, 5 Machi
Wanaanguka kama magunia. Raha! Kengele nimeitundika getini, ili nimwone mkaguzi kwanza, kisha niipige. Mke kaniuliza tena habari ya komeo. Nikamwambia mkurugenzi hashiki bisibisi.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Nilikuwa ndani nachana nywele. Mkaguzi kafika, kaona kengele, kaipiga mwenyewe. Watoto chini! Mmoja ndani ya beseni la nguo, mwingine juu ya mguu wangu. Mkaguzi akaingia, akashika kifua, akauliza nimewapa nini. Nikajibu kwa fahari: biskuti. Akalikamata kopo, akatoa simu. Kumbe kuna vituo huwanywesha watoto dawa ya usingizi! Nikaapa kwa jina la mama. Wapi. Ndipo wa kwenye beseni akafungua jicho moja.
"Mjomba, mbona leo biskuti zinachelewa?"
Wote wakainuka kudai haki yao. Mkaguzi alicheka hadi akakalia kiti cha mtoto, tukamvuta watu wawili kumtoa. Kisha akakagua ndoo: zimefunikwa. Komeo: jipya. Eti mke alilifunga jana, nikiwa kwenye mazoezi.

Jumatatu, 10 Machi
Kibali tunacho! Mkaguzi kamsifu mke wangu kwa kirefu. Mimi kanipiga marufuku kugusa kengele. Wivu tu, mpango ulikuwa safi. Kosa ni kengele, maana kila mpita njia anaweza kuipiga. Nimenunua filimbi, inakaa mfukoni mwangu. Watoto wameielewa mara moja. Mke hajui.
Kesho wazazi wote wanakuja kukiona kibali. Magari yatakuwa mengi, kwa hiyo nimemwomba askari wa barabarani asimame mbele ya geti letu ayaongoze. Amekubali. Mama Cheti atakoma.